Inhela Kwenye Beseni la Mayai

Mama Njoki, Njoki anaolewa, na kiti chako cha siku ya ruracio, siku ya kuletwa mahari, amenipa mimi nikikalie.

Nimelisema hilo kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unanijua nikizunguka. Sasa salamu. Hujambo huko uliko? Sisi tuko. Ng'ombe wako yuko kwa ndugu yako, anakamuliwa vizuri. Paka alihama mwenyewe akaja kwangu, hakuomba ruhusa. Nyumba yako Njoki huifungua Jumapili akitoka Nanyuki, anafagia, anafunga, anarudi kwa kazi yake ya duka la nguo. Moshi hautoki tena kwa jikoni yako. Nikiamka bado naangalia upande huo.

Mwanamume anaitwa Mwangi. Ni wa Kutus, anauza vipuri vya pikipiki, na ana adabu mpaka mtu anashuku. Alipokuja mara ya kwanza alinyanyua debe la maji bila kuambiwa. Nikamwambia Njoki huyo ungempenda. Njoki akasema ulikuwa unamjua tayari kwa simu. Hilo hukuniambia. Miaka yote hiyo tukichambua maharagwe pamoja, na hilo ukaninyima.

Nakuandikia kwenye daftari la zamani la Kariuki wangu, lile la biolojia, kwa sababu kurasa za nyuma zilibaki tupu. Huku mbele kuna picha ya mapafu aliyoichora akiwa kidato cha tatu. Ameichora vizuri sana. Mwalimu alimpa tisa kwa kumi, na mpaka leo sijui hiyo moja alimnyima kwa nini.

Unaona nimeshaanza.

Ni wewe uliyenipa lile jina. Kariuki alikuwa na barua tu ya kuitwa chuo cha utabibu, hata shuka hatujamnunulia, na wewe ukasimama kwa mkutano wa akina mama ukasema kwa sauti, "Tengenezeni njia, Mama Daktari amefika. Wenye kuumwa wapange foleni." Watu wakacheka. Ulikuwa unanichokoza, najua. Lakini mimi jina nililichukua nikalivaa, na likanikaa. Nilikuwa nikiulizwa dawa ya minyoo, najibu. Dawa ya macho, najibu. Mimi niliyeishia darasa la saba. Na wewe unakaa pembeni unaniangalia hivi, unasema, "Ati huyu! Mtoto hajavaa koti jeupe, mama ameshalivaa."

Sasa amelivaa kweli, nikuambie. Amemaliza, ameajiriwa kwenye zahanati moja huko juu ya Othaya, na wazee wanamwita daktari wakimwamkia. Ana miaka ishirini na sita. Mkono wake ukimdunga mtoto sindano, mtoto halii. Nimeona kwa macho yangu. Nakueleza bila kujisifu, nakueleza vile ilivyo.

Lakini barua hii si ya Kariuki.

Kabla ya kile kiti nataka tukumbuke pamoja, mimi na wewe. Daktari wa Nyeri alipokuambia si TB, si nimonia, ni mapafu yaliyochoka na moshi wa miaka mingi, na kwamba ugonjwa huo hauondoki ila unatulizwa, ulikuja moja kwa moja kwangu na zile inhela mbili, dawa ya kuvuta kwa mdomo, kwenye karatasi ya kaki. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, uumwe usiumwe, na baada yake usukutue mdomo. Ya bluu ni ya wakati kifua kimebana. Ulizificha chini ya leso kama mtu aliyeiba. Uliogopa maneno. Hapa kwetu mtu akionekana na inhela wanasema huyo amefika mwisho, akianza haachi, ajitayarishe.

Ukaipa jina. Firimbi. "Ngoja nipige firimbi," ndivyo ulivyosema, na kanisani ulikuwa ukinigusa kiwiko, mimi nafungua shali yangu kama ninayeikung'uta vumbi, wewe unainama nyuma yake, unavuta, unahesabu kumi, unaachilia pumzi. Mama mchungaji aliwahi kuuliza kwa nini shali yangu ina vumbi kila Jumapili. Tulicheka mpaka ukahitaji firimbi tena.

Na ilikusaidia. Hilo sitalinyamazia, kwa sababu kuna watu sasa wanasema ni hiyo dawa iliyokumaliza. Uliivuta ile ya kahawia kila siku bila kuruka, na kufika Krismasi ulipanda kile kilima cha kwangu bila kusimama. Ulifika mlangoni ukasema, "Mama Daktari, nimekuja na kifua changu chote." Nilikukaribisha chai ya maziwa matupu. Ilikuwa siku nzuri.

Sasa mayai.

Wewe unajua mayai yangu. Hakuna duka hapa Wamagana lililowahi kunirudishia yai bovu, hata moja. Siri ni beseni. Yai likilala chini kabisa ni la leo. Likisimama, lipikwe haraka. Likielea, tupa. Mama yangu alinifundisha hivyo na sijawahi kukosea. Ile siku ya kwanza uliposema hujui kama firimbi ya bluu inakaribia kuisha, haina pa kuchungulia ndani, mimi nilikuwa na beseni mbele yangu. Nikakuambia, leta. Nikakitoa kile kichupa cha bati kutoka kwa plastiki yake, nikakiweka majini. Kikazama, kikalala. Nikakuambia imejaa.

Hakuna mtu aliyenifundisha hilo. Sikumuuliza Kariuki, na simu yake ninayo. Nilitoa tu kichwani, mara moja, na nikaona inaingia akilini, na wewe ukanitazama kama mtu aliyesoma. Nilipenda vile ulivyonitazama.

Habari ikaenea. Mama Githinji akaleta ya mtoto wake wa pumu. Yule mwalimu mstaafu akaleta yake. Nilikuwa nazipima zote Jumatatu asubuhi kabla ya mayai, bure kabisa, na nawaambia, "Hii bado. Hii iko nusu. Hii kimbia ununue nyingine." Kwa sauti ya daktari.

Ile Jumatatu ya mwezi wa saba ulikuja ukiwa umevaa viatu vyeusi vya safari na sweta lako la maruni. Baridi ilikuwa ile ya kukata masikio. Ulikuwa unaenda Nyeri kliniki kuchukua firimbi nyingine kwa sababu ile ya bluu umeivuta sana tangu baridi ianze, na ulisema unaona kama imebadilika, unavuta na kifua hakifunguki vile kilivyokuwa kikifunguka. Ulisema hivyo. Kwa mdomo wako. Na mimi nikasema leta tuone.

Ikazama. Haikulala, ilisimama, mdomo chini. Nikakuambia, "Hii bado, mama. Ya nini kuteseka na baridi hii mpaka Nyeri? Kliniki yako si ni mwisho wa mwezi? Vua viatu, tuchambue maharagwe." Ukasitasita pale mlangoni. Ukasema, "Una hakika?" Nikasema, "Unaongea na nani?"

Ukavua viatu.

Tulichambua maharagwe mpaka saa sita. Sikumbuki tulizungumza nini. Nimejaribu.

Alhamisi asubuhi nilikuja kuchukua trei zangu. Ulikuwa umeketi kwenye kigoda nje ya jikoni, mikono kwenye magoti, mabega yamepanda, na ile firimbi mkononi. Ulikuwa unavuta. Ilikuwa inalia shh, vile inavyolia siku zote. Nikapiga magoti nikakuambia, "Vuta, iko, vuta tena." Ukavuta tena. Nikasema, "Iko dawa, vuta." Nilisema mara nyingi. Mwenye pikapu ya maziwa akapita, tukakupakia, nikakushika njiani. Hatukufika kwenye lami.

Kwa hivyo maneno ya mwisho uliyoyasikia kwangu yalikuwa hayo.

Mazishini sikulia. Nakuambia kwa sababu huenda uliangalia ukashangaa. Wote walilia, hata yule shemeji yako wa Kerugoya ambaye mlikuwa hamsemezani. Mimi nilipika. Nilipika mchele wa watu mia tatu na haukushika chini. Watu walinisifu. Nilisikia wakinisifu, na ilikuwa kama wanaongea juu ya mtu mwingine aliye chumba cha pili.

Kariuki alikuja kuniona wiki ya tatu baada ya mazishi. Alinikuta na beseni. Kulikuwa na mayai upande mmoja na vichupa vitatu vya inhela upande mwingine. Akasimama. Akasema, "Mum, hii ni nini?" Nikamweleza, na nilimweleza kwa furaha kidogo, Mungu anisamehe, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu. Akasema, "Nani alikufundisha?" Nikasema, "Mayai."

Akaketi. Akanieleza polepole, vile anavyowaeleza wazee wake. Kwamba ndani ya kile kichupa kuna dawa na kuna hewa ya kuisukuma, na dawa ikiisha hewa bado inabaki. Inalia shh. Unasikia baridi mdomoni. Lakini unachovuta ni upepo. Na maji hayawezi kusema lolote, yanazamisha na kuinua vile yanavyotaka, na tena yanaingia kwenye kile kitundu yanakiziba. Kwamba ni kuhesabu tu. Imeandikwa kwenye boksi, mivuto mia mbili, ikifika hapo ni kutupa hata kama inalia.

Nikamuuliza tena lile la hewa. Akarudia.

Aliuliza zile tatu ni za nani, nikamwambia. Hakuuliza kama na yako niliipima. Alilibeba beseni akalimwaga nje, akakaa huko muda mrefu kuliko wa kumwaga maji yale. Aliporudi akaniuliza kama kuna chai.

Na sasa nikuambie jambo la aibu kuliko hilo. Niliwazungukia wote walioniletea, nyumba kwa nyumba, na nikawaambia, "Kariuki amesema hiyo ya maji imekatazwa siku hizi. Wamegundua njia mpya." Imekatazwa siku hizi! Kama vile zamani ilikuwa sawa. Nilijificha nyuma ya mtoto wangu. Walishukuru. Mwalimu mstaafu alisema nina bahati ya kuwa na mtoto kama huyo.

Siku hizi wanakuja bado, ila tunahesabu. Kila mtu ana karatasi yake imebandikwa ukutani kwangu, karibu na kalenda, na kila Jumatatu wananiambia wamevuta mara ngapi, tunachora vijiti, tano tano. Ikikaribia mia mbili namfukuza mtu aende Nyeri, hata kunyeshe. Mtoto wa Mama Githinji naye, Kariuki alimtobolea chupa tupu ya soda kwa waya moto, inhela inaingia upande mmoja, mtoto anavuta upande wa mdomo wa chupa polepole, na dawa inafika kifuani badala ya kubaki kwa ulimi. Anacheza mpira sasa. Nafanya hayo yote na sisikii kitu. Mikono inafanya. Wewe ungesema Mama Daktari amekuwa kimya, anaumwa? Siumwi. Niko tu.

Basi Njoki akaja wiki mbili zilizopita, akaketi pale unapoketi wewe, akasema watu wa Mwangi wanaleta mahari, na mjomba wake atasimama upande wa wazee, lakini upande wa akina mama kuna kiti na hakuna mtu. Akasema, "Ni wewe uliyemshika mama mkono mpaka mwisho. Mwingine nimtoe wapi?"

Nikasema nitafurahi. Nilisema hivyo hivyo, nitafurahi. Kisha nikakaa siku kumi bila kula vizuri. Kwa sababu unajua kiti hicho ni nini. Mwenye kukikalia ndiye anayefunikwa blanketi na watu wa mwanamume mbele ya kijiji kizima, wanamwambia asante kwa kulea. Watanifunika mimi. Na huyo mtoto amesimama hapo, hajui nilimwambia mama yake avue viatu.

Nilifikiri ninyamaze. Sitakudanganya. Nilifikiri, ni siku moja, akae na furaha yake, itamsaidia nini kujua? Nilifikiri pia kwamba nikimwambia, atamtafuta mtu mwingine, na watu watauliza kwa nini Mama Daktari ameondolewa, na jina la Kariuki litaguswa. Ndiyo, hata hapo nilifikiria jina.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa tulikuwa kwako, tunakunja zile leso watakazofunikwa wasichana ili Mwangi amtafute Njoki katikati yao. Leso zilikuwa kumi na mbili. Nilipofika ya nne nikaanza kusema. Nilimweleza yote, beseni, mayai, Jumatatu, viatu, na vile nilivyokuambia vuta, iko. Yeye aliendelea kukunja. Alikunja zikaisha. Kisha akasema, "Ulimwambia avue viatu?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Hiyo Jumatatu nilimpigia simu asubuhi. Nilimshika kwa simu karibu saa nzima nikimweleza juu ya Mwangi. Aliniambia, Njoki wacha nikimbie, nachelewa gari la Nyeri. Nikamwambia ngoja kidogo. Mimi nimekuwa nikijua alikosa gari kwa sababu yangu."

Mama Njoki, mtoto wako amebeba hilo karibu mwaka mzima. Amelibeba kila Jumapili aliyokuja kufagia. Na mimi nilikuwa hapo ng'ambo ya ua na jibu lake, nikichora vijiti ukutani.

Akalia. Alilia vile ambavyo hakulia kaburini, kichwa kwenye zile leso. Mimi nilikaa na mikono yangu. Nilitaka kumgusa, sikujua kama nina ruhusa, nikaushika ukingo wa meza. Baadaye akainuka, akanawa uso, akazikunja upya zile alizolowesha. Alipokuwa anafunga mlango akaniambia bila kugeuka, "Sijui kama nitaweza kukuangalia usoni siku hiyo. Lakini usikose."

Hakuniita Mama Daktari. Aliniita kwa jina langu la kuzaliwa, Wanjira. Sikujua kama analijua. Ni wewe utakuwa umemwambia.

Kariuki naye nimemwambia kwa simu. Akasema, "Nilijua, Mum. Nilikuwa nangoja useme." Na kwa mwalimu mstaafu na Mama Githinji na wale wengine nilirudi jana, nikawaambia hakuna kilichokatazwa siku hizi, ni mimi nilikosea tangu mwanzo, na yako pia niliipima hivyo. Mama Githinji alifunga mlango. Leo asubuhi alimtuma mtoto na karatasi ya kuhesabu, hakuja mwenyewe. Ni sawa.

Sijui huko mnasomewa barua au mnasoma wenyewe. Siombi unisamehe kwa barua, ni rahisi mno. Nakuaga tu, mama, rafiki yangu wa ua moja, na nakuahidi haya. Nitakaa kwenye kile kiti. Wakinifunika blanketi nitasema jina lako mbele ya wote kabla sijasema langu, na sitamtaja Kariuki mpaka watu wamekula. Unacheka. Nitajaribu. Blanketi lenyewe ni la Njoki, likitoka mabegani mwangu linaingia kwenye sanduku lake. Na Njoki asiponiangalia nitakaa vivyo hivyo, mpaka shughuli iishe, kwa sababu aliniambia nisikose.

Watu wa Kutus wanakuja Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Sisi wa nyumbani tumeambiwa tuwe tumeketi saa tatu.